Ardhi Tuliyopewa na Sumu Iliyomo

 Ndugu zetu wasomaji, wengi wenu mwajua khabari ya kiwanja, na walio mbali na Nairobi pengine wamesikia nusu yake tu. Tumeona yatupasa kuieleza yote hapa, kwa kuwa maneno yaliyopita barazani baada ya sala ya Ijumaa yalikuwa makali, na wako waliosema kwamba sisi walimu wa darasa ndio tuizuiao kheri isipite.

Darasa letu la Upper Hill lasomeshwa katika chumba cha kupanga, na mkataba wa chumba hicho wamalizika mwisho wa mwaka. Watoto ni wengi kuliko mikeka. Wajao ni wana wa walinzi wa majumba haya marefu, na wana wa wauguzi na wafagizi wa Hospitali ya Kenyatta, na wengine hupanda kwa miguu kutoka Kibera. Wasichana husoma alasiri, wavulana baada ya magharibi, na watu wazima usiku, kwa kuwa hapana nafasi ya kuwakusanya pamoja. Kununua ardhi juu ya kilima hiki ni jambo tusiloweza hata kulitaja. Kilima ambacho wakubwa wa reli walijengewa nyumba zao baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, leo ni cha mabenki na makampuni ya bima, na bei ya kipande cha kutosha kaburi yaweza kumsomesha mtoto hata akamaliza chuo kikuu. Basi alipotokea ndugu yetu mmoja mfanyabiashara akasema kwamba anacho kiwanja bondeni, upande wa reli, na kwamba ataka kukifanya wakfu ili ijengwe skuli, na mahali pa kusalia, na uwanja wa watoto na wa mikutano ya mtaa, tulilia kwa furaha. Hatuoni haya kusema hivyo.

Kiwanja hicho kilikuwa gereji kwa muda wa miaka kama thalathini. Malori yalitengenezwa hapo, oili chafu ikimwagwa chini, na betri kuukuu zilivunjwa kwa shoka ili risasi iliyomo itolewe na kuyeyushwa. Ndugu yetu mwenyewe hakuwa fundi. Alikikodisha tu, na wapangaji wamekwisha kuondoka. Hakutuficha neno lolote. Twalisema hili kwa sababu wamekwisha kupatikana wenye kumdhania vibaya, na dhana hiyo ni dhulma.

Tulikwenda kukitazama, wazee na walimu pamoja. Tukasoma dua, tukakipima kwa hatua, na sisi wenyewe, lazima tukiri, ndio tuliokuwa wa kwanza kusema kwamba msingi uchimbwe kabla ya mvua kuanza. Mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa, afanyaye kazi katika maabara, aliinama akachota udongo kwa kipande cha karatasi. Ulikuwa na rangi ya majivu. Akatuuliza kwa adabu, "Sheikh, hapa ndipo walipokuwa wakivunjia betri?" Tukamjibu, na jibu letu lilikuwa na ukali kidogo, kwamba mvua ya miaka mingi imekwisha kupaosha. Hapo wakatokea watoto wawili wa jirani, waliokuwa wakifinyanga udongo ule ule wakifanya vyungu, wakaja kutuamkia na kutupa mikono. Tuliipokea mikono ile, nayo ilikuwa ya rangi ya majivu. Usiku ule hatukulala vyema.

Siku ya pili tukaenda kuwauliza wajuzi, jambo ambalo lilitupasa kulifanya kabla ya kufungua midomo yetu. Na haya ndiyo waliyotufahamisha. Risasi, madini haya mazito yatiwayo katika betri za magari, ni zaidi ya nusu ya uzito wa betri yenyewe. Haiozi, wala haiungui ikatoweka, wala mvua haiioshi. Hukamatana na udongo wa juu, na hukaa hapo miaka na miaka baada ya yule aliyeimwaga kufa na kusahauliwa. Huingia mwilini kwa vumbi na kwa mkono upelekwao kinywani. Mtoto mdogo, ikimwingia tumboni, mwili wake huinyonya mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Humpunguzia damu, humdhoofisha akili, humfanya asiweze kutulia wala kushika alichosomeshwa, na kilichoharibika katika ubongo hakirudi. Mama mja mzito humpa mwanawe aliye tumboni pasipo kujua. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho hakina madhara.

Basi tafakarini, ndugu zetu. Skuli twaijenga ili akili ya mtoto ikue, na hii ni sumu ambayo kazi yake ni kuila akili hiyo hiyo. Mwalimu atasomesha asubuhi, na vumbi la uwanjani litafuta mchana.

Na kwa kuwa tumetaja udongo na vinywa, tuwakumbushe dada zetu jambo ambalo latutia wasiwasi siku zote: ule udongo na vile vijiwe wavitafunavyo wakiwa na mimba, vinunuliwavyo sokoni, havijulikani vimechimbwa wapi. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafii vimeharamisha kula udongo kwa mwenye kudhurika nao. Tutalirejea hili.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba babu zetu waliishi karibu na wahunzi wasidhurike. Haya basi, natutazame yaliyotokea hapa hapa Kenya. Mombasa, upande wa Mikindani, kiko kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Kando yake kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kikifukiza moshi na kumwaga maji yake machafu, hata kikafungwa mwaka 2014 baada ya watu kupiga kelele. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mwanawe mchanga akaugua, na ilipopimwa damu yake ikaonekana imo risasi. Akaacha kazi akaanza kuwatetea jirani zake, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Wakaazi wapatao 3,000 walikwenda mahakamani. Julai mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3, na tena ikaamuru udongo na maji yasafishwe, na kama hayakusafishwa zilipwe shilingi milioni 700. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa akitambaa kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, alikuwa amekwisha kubaleghe watu wazima walipokuwa wangali wakibishana juu ya nani alipe.

Na katika mji wetu huu wa Nairobi liko jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 likatangazwa kwamba limejaa, na taka zikaendelea kumwagwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa mwaka 2007 uchunguzi wa watoto 328 waishio na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubaliwa wakati huo. Skuli ilikuwepo. Walimu walikuwepo. Ila hapana aliyeiuliza ardhi ina nini.

Sasa tuje kwenye mas-ala ambayo wazee wetu waliyatoa barazani, na twayajibu kwa heshima, kwani baadhi yao ndio waliotufundisha alifu na bee.

Mzee mmoja alisema kwamba umma huu umefanyiwa ardhi yote kuwa msikiti na kitu cha kujitwaharishia, basi itakuwaje sisi tuisingizie uchafu? Akataja kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), ikaamriwa kumwagwa ndoo ya maji tu, wala haukuchimbwa udongo. Kisa hiki ni sahihi, na hoja ya mzee ni ya mtu aliyesoma. Walakini ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa. Twahara ni jambo moja, na madhara ni jambo jingine. Najisi huondoka kwa maji, na kitu chenyewe kikiwa bado kiko, wanavyuoni wetu wametaka kiondolewe kwanza ndipo maji yamiminwe. Ama sumu ya madini si najisi kabisa. Wala sisi hatukusema kwamba sala juu ya kiwanja kile haisihi. Fungueni mlango wa vyakula katika vitabu vyetu vya fiqhi: mtakuta kwamba vitu kama gilasi na mawe na sumu ni twahara, na kuvila ni haramu, kwa sababu ya kudhuru na si kwa sababu ya unajisi. Kwa hivyo yawezekana kabisa ardhi ikafaa kusujudiwa na isifae kuchezewa na mtoto wa miaka mitatu. Mtu mzima husujudu akainuka. Mtoto hulamba vidole.

Mwingine alisema kwamba nia ya mwenye kutoa ni njema, na jambo la kheri halifai kucheleweshwa. Hapa twapenda kukumbusha namna msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulivyojengwa Madina, maana twausifu sana kila mwaka na kisa chake twakipita mbio. Mahali pale palikuwa na makaburi ya washirikina, na magofu, na mitende. Palikuwa ni pa mayatima wawili wa Bani Najjar, nao walitaka kupatoa bure, Mtume akakataa illa kwa thamani. Kisha akaamrisha makaburi yafukuliwe, magofu yasawazishwe, na mitende ikatwe, na magogo yake yakapangwa upande wa kibla. Hapo ndipo palipojengwa. Na pembeni pakawa na Suffa, mahali pa masahaba mafakiri waliolala hapo na kusoma hapo. Yeye alikuwa mgeni aliyehamia, hana mahali pa kusali na watu wake, na haja yake ya kujenga ilikuwa kubwa kuliko haja yetu sisi wenye mkataba wa chumba. Juu ya hayo kazi ya kwanza haikuwa matofali. Kazi ya kwanza ilikuwa ni kutoa yaliyomo.

La tatu ndilo lililotuchukua usiku mwingi, nalo ni la wakfu wenyewe. Ndugu yetu alikuwa tayari kutamka siku ile ile mbele ya mashahidi, "Nimekifanya kiwanja hiki msikiti na skuli." Tulimshika mkono tukamwomba asitamke. Wako waliokasirika wakasema tumemzuilia mtu thawabu zake. Ndugu zetu, fahamuni sababu. Katika madhehebu yetu wakfu hutimia kwa kutamka, na ukishatimia hauuzwi wala haubadilishwi, na msikiti ndio mgumu zaidi katika hayo. Lau atatamka leo, na kesho vipimo vionyeshe kwamba ardhi haisafishiki kwa mali tuliyo nayo, tutakuwa tumejifunga milele na kiwanja tusichoweza kukijenga, wala kukiuza, wala kukibadilisha kwa kingine. Tutakizungushia ukuta, na wajukuu zetu watarithi ukuta. Akingoja vipimo, milango yote iko wazi: kikiwa salama atatamka, kikiwa chasafishika tutakisafisha, naye atatamka, kikiwa hakisafishiki aweza kukiuza kwa matumizi yasiyowahusu watoto, akimweleza mnunuzi aibu iliyomo kama sharia itakavyo, na thamani yake akainunulia mahali pengine. Thawabu ya nia yake haitapotea kwa kungoja wiki chache.

Na kama wakfu utatimia, wanavyuoni wetu wamesema kwamba matumizi ya kwanza ya mali ya wakfu ni imara yake, yaani kuuweka katika hali ya kufaa. Kuutoa udongo wenye sumu ndiyo imara ya kwanza ya kiwanja hiki. Kwa hivyo aulizaye kwa nini fedha za ujenzi zitumike kwa kulipa maabara, jibu lake ni hilo. Tumeuliza bei ya kupima, tukaambiwa yapungua bei ya ng'ombe wawili. Mwaka uliopita, katika karamu moja tu ya hitima, walichinjwa wanne, na mabaki yakapewa mbwa.

Yako maneno mengine ambayo hatukupenda kuyasikia. Mkandarasi mmoja alitujia faragha akasema kwamba yeye ataukwangua udongo wote usiku na kuupeleka korongoni upande wa Kibera, kwa bei rahisi, pasipo vipimo wala karatasi. Tulimfukuza. Wanavyuoni wamekataza kuondoa dhara kwa kuleta dhara jingine, na huko korongoni wako watoto vile vile, na wengi wao ni wa Wanubi, ndugu zetu ambao babu zao walitia adhana Kibera tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Tuwaokoe watoto wa darasa letu kwa kuwatia sumu wana wa jirani? Sheria ya nchi ya mwaka 1999 kuhusu mazingira imeweka njia ya kuchukua taka za namna hii kwa idhini ya NEMA, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Tutaifuata.

Wala msidhani kwamba twawakatisha tamaa. Ardhi husafishika. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini ya Nigeria, nchi ya ndugu zetu Waislamu wa Kihausa, watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao, na mawe hayo yalikuwa na risasi. Watoto wasiopungua 400 walikufa katika muda wa miezi. Waganga wa Médecins Sans Frontières walipokuja na dawa, walikataa kumrudisha mtoto katika nyumba ambayo haijasafishwa, kwa kuwa dawa yatoa risasi mwilini na vumbi la uani lairudisha. Basi masultani na wazee wa vijiji na vijana wakasimama pamoja na wataalamu, wakauchimba udongo wa juu kwa majembe, nyumba baada ya nyumba, wakauzika mbali katika mashimo yaliyotengwa, wakaleta udongo safi wakautandaza. Kijiji kikubwa cha Bagega kilisafishwa mwaka 2013. Ni kazi ya majembe na mikono, na mtaa wetu unayo yote mawili.

Na hata hapa karibu nasi, Kibera, tangu miaka ya 2000 jumuiya ya Kounkuey Design Initiative pamoja na vikundi vya wenyeji wamekuwa wakipageuza mahali palipokuwa majaa kandokando ya mito pakawa viwanja vya watoto, na vyoo, na kumbi za mikutano. Tulikwenda kuviona. Kilichotupendeza ni kwamba wenyeji wenyewe ndio wasimamizi, kwani mahali palipotengenezwa pasipo msimamizi hurudi kuwa jaa. Mfano ni ile bustani ya kando ya Mto Nairobi iliyosafishwa mwaka 2008 wakati wa waziri John Michuki: baada ya kufa kwake mwaka 2012 ikachakaa, hata ikaja kufufuliwa mwaka 2020 na kupewa jina lake. Kwa sababu hiyo tumependekeza nadhiri wa wakfu wawe watatu, na mmoja wao awe mwanamke mwenye mtoto katika darasa. Baadhi ya wazee hawajalikubali hili la mwisho. Mazungumzo yaendelea, na sisi hatutaliacha.

Hali ilivyo leo ni hivi. Sampuli za udongo zimechukuliwa mahali kumi na mbili, za juu na za chini, na zaidi pale palipovunjiwa betri, nazo ziko maabara. Lango la kiwanja limefungwa kwa mnyororo, na funguo ziko kwa imamu. Wenye chumba chetu wameombwa watuongezee miezi mitatu, na hawajajibu. Kila atakayekwenda kiwanjani kwa sababu yoyote na avue viatu nje ya mlango wa nyumba yake arudipo, na anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Wazazi wa wale watoto wawili wamekubali wapimwe damu katika hospitali, na gharama yake tumeichukua sisi. Apendaye kusaidia na amwone mweka hazina baada ya sala ya alasiri, siku yoyote illa Jumapili.